Manjano yasiyoisha kwa mtoto mchanga: mwongozo wa kutafuta chanzo cha ugonjwa wa ini kabla ya siku ya 60

Manjano kwa mtoto mchanga ni jambo la kila siku, na mara nyingi huisha yenyewe. Ndiyo maana yale machache yanayotokana na ini huchelewa kugunduliwa. Mtoto ananyonya, uzito unapanda, mama anaambiwa amwanike jua la asubuhi, na wiki zinakatika. Anapoletwa tena tumbo limejaa na ini ni gumu.

Haraka hii ina sababu. Ugonjwa mmoja, atresia ya mirija ya nyongo, huziba mirija inayotoa nyongo kwenye ini kuipeleka utumboni, na tiba yake ni upasuaji uliobuniwa na Morio Kasai wa Japani miaka ya 1950. Ukifanyika kabla ya siku ya 60 ya maisha, nafasi ya nyongo kutiririka tena ni nzuri. Baada ya siku ya 90 nafasi hiyo hupungua sana. Sasa piga hesabu: hudhurio la wiki ya 6, mtoto anapokuja kwa chanjo, ni siku ya 42. Ukimgundua siku hiyo zimebaki siku 18 za vipimo, rufaa, nauli na foleni ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata saa ya mtoto. Kwanza magonjwa yanayoua leo na yenye dawa, pili lile la upasuaji, kisha mengine yote.

Hatua ya 1: siku ya 14, pima bilirubini dairekti

Mtoto yeyote ambaye bado ana manjano akiwa na siku 14 apimwe bilirubini ya jumla na ya dairekti, yaani ile ambayo ini limeshaichakata na ilipaswa kutoka na nyongo. Miongozo mingine inaruhusu mtoto anayenyonya vizuri, mwenye choo na mkojo wa rangi ya kawaida, asubiri hadi wiki ya 3. Kusubiri huko kunafaa pale ambapo una hakika atarudi. Kama mama anatoka mbali, pima siku hiyo hiyo alipo mbele yako.

Kwenye karatasi ya maabara utaona TBIL (jumla) na DBIL (dairekti). Dairekti ikizidi mikromoli 17 kwa lita, sawa na miligramu 1 kwa desilita, si ya kawaida kwa umri wowote, hata kama jumla si kubwa. Mtoto mwenye TBIL 140 na DBIL 95 ana kolestasisi: nyongo imekwama. Mwenye TBIL 210 na DBIL 9 ana tatizo la aina nyingine kabisa: maziwa ya mama, damu kuvunjika, au thairoidi. Maabara ikitumia miligramu, zidisha kwa 17.1 kupata mikromoli.

Makosa yanayoharibu hatua hii ni machache lakini yanajirudia. Mtu anaagiza jumla peke yake, anaona namba si kubwa, anamruhusu mtoto. Sampuli inaachwa dirishani na mwanga unaivunja bilirubini; ifunike kwa karatasi ya kaboni au ya alumini tangu inapotoka mkononi mwako. Damu iliyokamuliwa kwa nguvu kutoka kisiginoni huvunjika na kupotosha dairekti, potasiamu na AST (kimeng'enya kinachopimwa kuangalia ini).

Jua la asubuhi halitibu kolestasisi. Taa za mwanga wa bluu nazo hazimsaidii mtoto ambaye bilirubini yake nyingi ni dairekti; ngozi inaweza kugeuka rangi ya shaba. Na manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura ya namna yake, hayangoji siku ya 14.

Hatua ya 2: tazama choo kwa macho yako mwenyewe

Usiulize tu "choo chake kikoje?" Mama wa mtoto wa kwanza hana cha kulinganisha, na wengi hujibu "kawaida" kwa sababu ndicho choo walichokiona tangu mwanzo. Mwambie aje na nepi yenye choo, au subiri mtoto ajisaidie hapo hapo. Itazame kando ya dirisha, kwenye mwanga wa mchana. Taa za wodini hubadilisha rangi. Kisha chukua kijiti upasue choo utazame ndani. Juu kinaweza kuwa na unjano hafifu uliotokana na mkojo au majimaji ya utumbo, na ndani kikawa cheupe kama chokaa. Hicho ndicho cha kuandika kwenye faili.

Choo cha njano ya haradali, kijani au kahawia kina nyongo. Cheupe, kijivu, au njano iliyofifia sana hakina, au kina kidogo mno. Tazama choo cha siku tatu mfululizo, maana katika wiki za mwanzo za atresia rangi hubadilikabadilika, na choo cha siku za kwanza kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Taiwan imekuwa ikiwapa wazazi kadi ya rangi za choo nchi nzima tangu 2004, na watoto wao wakaanza kufika kwa daktari mapema zaidi. Picha ya simu inasaidia ikipigwa nje kivulini, bila taa ya simu.

Mkojo nao una neno. Mkojo wa mtoto mchanga kwa kawaida hauna rangi. Ukiacha doa la njano kwenye winda jeupe, bilirubini dairekti inapita kwenye figo. Choo cheupe pamoja na winda lenye doa ni sababu ya kutosha kumpa mtoto rufaa hata kabla ya majibu ya maabara kurudi.

Hatua ya 3: je, mtoto huyu yuko hatarini leo?

Kabla ya kuwaza magonjwa adimu, pima mambo mawili kitandani: sukari, na dalili za kutokwa damu. Sukari chini ya milimoli 2.6 kwa lita itibiwe papo hapo: mililita 2 kwa kilo za dekstrosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, kisha dripu. Sukari inayoshuka tena na tena ina maana ini limechoka, au tezi ya pituitari haifanyi kazi, au mtoto ana ugonjwa wa kimetaboliki. Kitovu kinachovuja damu, au madoa ya damu kwenye ngozi bila kuanguka, ni ishara ambayo haipaswi kulala bila kushughulikiwa. Nyongo ikikosekana utumboni vitamini K haifyonzwi, na mtoto anaweza kuvuja damu kichwani huku akionekana mwenye afya.

Pima INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Kichupa chenye sitrati lazima kijazwe hadi kwenye mstari. Kikijazwa nusu, INR itatoka kubwa kwa uongo. Ikiwa imepanda, mpe vitamini K miligramu 1 kwenye mshipa polepole au kwenye msuli, na upime tena baada ya saa 6 hivi. Hiki ni kipimo na tiba kwa pamoja. INR ikishuka, tatizo lilikuwa ukosefu wa vitamini. Ikibaki 2 au zaidi, ini lenyewe linashindwa kazi na mpango mzima unabadilika: mtoto huyu ni wa kuhamishwa leo.

Kwa mtoto ambaye ini linashindwa, umri unakuonyesha pa kuanzia. Aliyezaliwa akiwa hivyo, au aliyeanza siku ya kwanza, mfikirie ugonjwa ambao kingamwili za mama zilishambulia ini la mtoto tumboni. Feritini (kipimo cha akiba ya chuma) huwa juu ya 800, ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiharibika) inaweza kuwa ndogo ajabu, na mara nyingi mama ana historia ya mimba zilizoharibika au watoto waliofariki wiki ya kwanza. Ugonjwa huu hurudi karibu kila mimba inayofuata, lakini mama akipewa imunoglobulini kwa dripu wakati wa ujauzito unazuilika. Kwa hiyo pima feritini hata kama mtoto ana hali mbaya sana. Aliyeanza kuugua kati ya siku ya 4 na ya 14, ALT ikiwa maelfu, mfikirie virusi vya hapesi. Malengelenge ya ngozi mara nyingi hayapo. Usisubiri PCR, kipimo cha vinasaba vya virusi. Anza asiklova miligramu 20 kwa kilo kila saa 8 kwenye mshipa. Aliyeharibikiwa siku chache baada ya kuanza maziwa, mfikirie galaktosemia, ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kuchakata galaktosi, sukari iliyo kwenye maziwa; tutaufikia. Ambaye INR yake ni mbaya kuliko ALT inavyoonyesha, na alfafetoprotini iko juu kupita umri wake, apimwe suksinilasetoni kwenye mkojo kwa ajili ya tairosinemia, ugonjwa wa kurithi wa kushindwa kuvunja tairosini. Laktati na amonia zipimwe kama maabara inaweza.

Maambukizi ya damu na ya njia ya mkojo ndiyo chanzo cha kawaida zaidi kwa mtoto anayeonekana mgonjwa. Chukua damu ya kuotesha, na mkojo kwa katheta; mfuko wa kubandika hukupa vijidudu vya ngozi na jibu la kukupoteza. Anza ampisilini na gentamaisini kwa dozi za umri wake. Seftriaksoni iepukwe: huisukuma bilirubini kutoka kwenye albumini, na huacha mashapo kwenye mfuko wa nyongo yanayochanganya altrasaundi.

Hatua ya 4: maswali na mkono wako

Uliza uzito wa kuzaliwa na umri wa mimba. Mtoto wa atresia kwa kawaida amezaliwa kwa wakati, uzito mzuri, na anaonekana mzima. Huu ndio mtego mkubwa wa ugonjwa huu. Mtoto mdogo kuliko umri wa mimba, mwenye wengu kubwa tangu kuzaliwa na kichwa kidogo, anaelekeza kwenye maambukizi ya tumboni. Uliza majibu ya kaswende ya mama kwenye kadi ya kliniki, na kama hayapo, mpime mama sasa. Uliza lishe ya dripu iliyozidi wiki mbili, kundi la damu, ndugu waliofariki wachanga, na kama wazazi ni ndugu wa damu. Uliza kwa upole alichopewa mdomoni: dawa za mitishamba, asali, maji ya sukari. Sukari ya kawaida na asali zina fruktosi, na kwa mtoto mwenye ugonjwa adimu wa kutovumilia fruktosi zinaweza kuangusha ini. Mama akihisi analaumiwa hatakwambia.

Kwenye pwani na ukanda wa Ziwa Victoria upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni mwingi, na nguo zilizohifadhiwa na naftalini zinaweza kuvunja damu ya mtoto kama huyo. Damu ikivunjika sana nyongo huwa nzito na dairekti inaweza kupanda. Lakini usiridhike na maelezo hayo mpaka umeona choo chenye rangi na altrasaundi.

Ini la mtoto mchanga huguswa hadi sentimita 2 chini ya mbavu. Ukubwa peke yake usikutishe. Kinachohesabika ni ugumu wake. Mulika macho kutafuta mtoto wa jicho (galaktosemia, rubela). Sikiliza moyo: mvumo unaosikika hadi mgongoni, pamoja na paji pana la uso na kidevu chembamba, unaelekeza kwenye sindromu ya Alagille, ugonjwa wa kurithi wenye mirija michache ya nyongo ndani ya ini; eksirei ya uti wa mgongo itafute pingili zenye umbo la kipepeo. Mvulana mwenye uume mdogo sana na sukari inayoshuka apimwe homoni za pituitari. Moyo ukisikika kulia, fikiria atresia inayoambatana na viungo vilivyogeuka upande.

Hatua ya 5: damu ya awamu ya kwanza

Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 mwilini. Panga vichupa kabla ya kuchoma, uchukue mara moja: picha kamili ya damu, bilirubini zote mbili, ALT, AST, GGT, albumini, INR, sukari, TSH pamoja na T4 huru (vipimo vya thairoidi), kaswende, VVU kwa utaratibu wa watoto wachanga, na malaria kama mama aliugua karibu na kujifungua. TSH peke yake haitoshi, kwani pituitari ikiwa ndiyo mbovu TSH inaweza kutoka ya kawaida na T4 ikawa chini. Ongeza kotisoli ukishuku hivyo. Kama mtoto atahitaji kuongezewa damu, chukua kwanza sampuli za vimeng'enya na vinasaba. Damu ya mchangiaji huharibu kipimo cha galaktosemia kwa takriban miezi mitatu.

GGT, kimeng'enya kinachohusiana na mirija ya nyongo, inatenganisha njia. Ikiwa juu, zaidi ya 200 hivi, inaendana na atresia, Alagille, au upungufu wa kurithi wa protini ya alfa-1 antitripsini, ambao huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Ikiwa ya kawaida au chini huku dairekti iko juu, fikiria kolestasisi za kurithi za kifamilia au kasoro ya kutengeneza asidi za nyongo. Tumia viwango vya watoto wachanga: GGT yao ni kubwa kuliko ya watu wazima hata wakiwa wazima.

Sasa kuhusu virusi vya sitomegalo (CMV), maana hapa rufaa nyingi hukwama. IgG (kingamwili) ya mtoto ni ya mama yake na haikuambii chochote. PCR ya mkojo au mate ikiwa chanya kabla ya siku ya 21 inathibitisha maambukizi ya tumboni. Baada ya hapo anaweza kuwa ameambukizwa wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa. Na hata ikiwa chanya kabisa, haiondoi atresia. Mtoto mwenye sitomegalo na choo cheupe anaendelea na safari ya atresia bila kupoteza siku. Hepataitisi B ya mama nayo si maelezo ya kolestasisi ya wiki za kwanza. Mpe mtoto chanjo, na uendelee kutafuta.

Hatua ya 6: galaktosemia, kwa vifaa vya maabara ndogo

Kutapika, kulegea, manjano, na hasa maambukizi ya damu ya E. koli: mseto huu usiuache. Kistripu cha mkojo hupima glukosi tu, galaktosi hakiioni. Tumia kitendanishi cha Benedict: mililita 5 kwenye bomba la kioo, ongeza matone 8 ya mkojo mbichi, chemsha dakika 2 hadi 5. Ikibaki bluu hakuna sukari. Kijani, njano, rangi ya chungwa hadi nyekundu ya tofali ni sukari inayoongezeka. Benedict ikibadilika huku kistripu cha glukosi ni hasi, shuku galaktosi.

Jibu hasi lina maana tu kama mtoto alikuwa akinywa maziwa. Aliye kwenye dripu tangu jana atatoka hasi hata akiwa mgonjwa. Na ini lililoharibika kwa sababu yoyote huweza kuvujisha galaktosi. Kinachothibitisha ni kipimo cha kimeng'enya cha GALT kwenye chembe nyekundu. Wakati unakisubiri, simamisha maziwa ya mama na ya kopo ya kawaida, mpe maziwa ya soya ya watoto wachanga, na mwelekeze mama aendelee kukamua ili maziwa yasikauke, kwani jibu likirudi zuri mtoto atarudi kifuani.

Hatua ya 7: altrasaundi

Mtoto afunge saa 4. Panga hivi: anyonye saa 10 alfajiri, apimwe saa 2 asubuhi, wa kwanza kwenye foleni, akiwa na joto la kutosha na sukari yake imeangaliwa. Mpimaji atumie probu ndogo ya masafa ya juu. Ile ya tumbo la mtu mzima haioni kinachotafutwa.

Tafuta mfuko wa nyongo. Ukikosekana, ukiwa mfupi kuliko sentimita 1.5, au ukiwa na kuta zilizokunjamana, shuku atresia. Kovu lenye umbo la pembetatu, lenye unene unaozidi milimita 4, pale mshipa mkuu wa ini unapogawanyika, linaongeza shaka sana. Hesabu wengu: zikiwa kadhaa ndogondogo badala ya moja, ni ile aina ya atresia yenye viungo vilivyogeuka. Uvimbe wa maji kwenye njia ya nyongo ni kwa daktari wa upasuaji pia.

Ripoti ikisema "mirija ya nyongo haijatanuka", isikutulize. Katika atresia mirija imegeuka kovu, haitanuki. Altrasaundi nzuri haiondoi atresia kwa mtoto mwenye choo cheupe.

Hatua ya 8: hospitali ya rufaa

Skani ya HIDA (dawa yenye mionzi kidogo huchomwa mshipani kuona kama inatoka na nyongo), pale ilipo, husaidia upande mmoja tu: dawa ikionekana utumboni ndani ya saa 24, atresia imeondoka. Isipoonekana hujathibitisha kitu, na fenobabitoni ya siku 5 inayotangulia kipimo ni siku 5 zimepotea. Mtoto mwenye siku 50 na choo cheupe aende moja kwa moja kwenye biopsi ya ini (kipande kidogo huchukuliwa kwa sindano), INR isizidi 1.5 na chembe sahani zisiwe chini ya 60,000. Mtaalamu wa patholojia akiona mirija midogo imeongezeka, plagi za nyongo na makovu, ni picha ya kuziba. Ikichukuliwa kabla ya wiki ya 6 inaweza kuwa bado haijakomaa. Ikiwa shaka ipo, irudiwe baada ya wiki moja au mbili, si mwezi.

Neno la mwisho ni la kolanjiogramu chumba cha upasuaji: rangi huingizwa kwenye mfuko wa nyongo, na isipofika utumbo mwembamba na ndani ya ini, upasuaji wa Kasai hufanyika hapo hapo. Alagille itafutwe kabla, kwa kuwa watoto hao huweza kuharibikiwa zaidi wakifanyiwa Kasai.

Barua ya rufaa iandike tarehe ya kuzaliwa na umri kwa siku mstari wa kwanza kabisa, kisha TBIL na DBIL na tarehe zake, rangi ya choo uliyoiona mwenyewe, INR kabla na baada ya vitamini K, uzito wa leo na wa kuzaliwa, na sampuli ambazo bado hazijajibiwa. Piga simu kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, awe Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta, kabla familia haijakata tiketi, ili kitanda kiwe kinawangoja. Mtoto aliyekwisha kufika siku ya 90 au 100 naye apelekwe kwa haraka hiyo hiyo: wapo ambao ini lao bado linaruhusu upasuaji, na uamuzi huo ni wa anayeliona ini, si wa anayehesabu siku akiwa wilayani.